Ng'ombe wa Shemasi Amelewa

Watu walikuwa wanatoka ibadani, Biblia kwapani, Gaju alipotokea. Alikuja kwa njia ya bombani, kamba iliyokatika ikining'inia shingoni, miguu ya mbele ikienda huku na ya nyuma kule. Akafika mbele ya mlango wa kanisa, akaitazama kwaya kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akakaa. Ng'ombe hakai. Ng'ombe hupiga magoti na kulala. Lakini Gaju alikaa kitako kama mbwa, akapiga mbweu, na harufu ya mbweu ile ikawafikia wazee wote waliokuwa wamesimama mlangoni wakipeana mikono.

"Jameni!" Aliyepaza sauti ni Gasore, mpiga ngoma wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. "Ng'ombe ya shemasi imelewa!"

Watoto walicheka kwanza. Halafu vijana. Halafu hata wanawake waliokuwa bado na machozi ya maombi mashavuni.

Kankindi alikuwa ndani akikunja kitambaa cha Meza ya Bwana. Alisikia kicheko, akasikia neno "shemasi", akajua. Alitoka mbio, akashika kipande cha kamba, akamvuta ng'ombe wake kwa nguvu zote. Gaju alisimama, akayumba, akamwegemea begani kama mlevi anayesindikizwa na mkewe. Kicheko kikapanda.

"Mama Uwitonze, ulimupatia chupa ngapi?" Gasore akauliza.

"Nyingi kuliko akili zako," Kankindi akamjibu bila kugeuka.

Mumewe, Shemasi Eliezeri, alisimama kando ya mchungaji, mrefu, mkimya, na sinia ya vikombe vya Meza ya Bwana mikononi. Hakucheka. Hakuja kusaidia pia.

Nyumbani, Kankindi na binti yake Uwitonze walimnywesha Gaju maji ya magadi kwa chupa, wakamtembeza kuzunguka nyumba, wakamnywesha tena. Kufikia alasiri ng'ombe alisimama wima na kuanza kucheua. Ndipo Eliezeri alipoingia uani, bado na suti yake ya ibada.

"Mama Uwitonze, uliniambia ni pumba."

"Ni pumba."

"Pumba ya nini?"

"Ya shayiri."

"Shayiri ya wapi? Hapa kambini Nakivale nani analima shayiri?"

Kankindi aliweka chupa chini. Kusema uongo mara mbili hakukuwa tabia yake. Mara moja ilikuwa imetosha kumsumbua. "Ya kiwandani, Mbarara. Kile kiwanda kipya cha bia. Bia wanaikamua, machicha wanatupa. Mimi ninaokota."

Eliezeri alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Pombe," alisema. "Wiki tatu watoto wa kanisa wanakunywa pombe kutoka nyumba yangu."

"Wanakunywa maziwa. Pombe imekwenda zake na maji yake. Kilichobaki ni maganda."

"Na leo? Maganda ndiyo yalimkalisha mbele ya mchungaji?"

Kankindi alirudi kwa Gaju, akamnusa mdomo. Swali hilo lilimuuma kuliko kicheko, kwa sababu alikuwa mtu wa majibu.

*

Ukweli wenyewe ulikuwa rahisi. Mvua ya mwaka ule wa 2014 ilikatika mapema. Kufikia Juni majani yote kuanzia Base Camp mpaka karibu na ziwa yalikuwa yamelika hadi mizizi, na wenye mashamba walisimama na mapanga kulinda hata mabua ya mahindi. Ng'ombe wengine waliacha kukamuliwa. Gaju alishuka mpaka kikombe kimoja asubuhi, na Kankindi alikuwa na familia sita zilizochukua maziwa kwake, zote za kanisa, zote zenye watoto wadogo.

Aliyempa neno ni Léopold, mfanyabiashara wa Bukavu aliyepeleka maharage Mbarara kwa pikapu na kurudi mtupu. "Kule kwetu nguruwe zote zilikula drèche," alimwambia. "Drèche ya kiwanda cha bia. Zilinenepa mpaka zikashindwa kuona mbele. Ng'ombe pia inakula. Twende, nitakubebea. Fasi iko."

Basi Kankindi alikwenda, akasimama kwenye geti la kiwanda, akamwomba askari drèche. Askari, Mnyankole mmoja kipande cha mtu aitwaye Katungi, alimkagua juu mpaka chini.

"Dresi? Nyabo, hapa hapana duka ya nguo. Nenda sokoni."

"Drèche! Ya kulisha ng'ombe."

"Ng'ombe yako navaa dresi?"

Léopold alikuwa amelalia usukani kwa kucheka. Mpaka Kankindi alipoonyesha kwa kidole lori lililokuwa likitoka, likidondosha uji wa kahawia njia nzima, ndipo askari alipoelewa. "Aa, machicha! Sema machicha." Wenye mifugo mikubwa walikuja na malori; machicha yaliyomwagika sakafuni hayakuwa na mwenyewe. Wakakubaliana: yeye afagie pale pa kupakilia, na atakachofagia ni chake. Akafagia, akajaza magunia manne. Siku ya tatu baadaye Gaju alijaza kidumu cha lita tano, na Kankindi aliimba akikamua, jambo ambalo Uwitonze hakukumbuka kulisikia tangu wavuke mpaka kuja kambini.

Nyumbani alisema ni pumba. Kanisa lao halikuruhusu hata kuuza chupa tupu za bia. Alijua angesema machicha, Eliezeri angefunga siku tatu kuombea jambo hilo, na siku tatu ng'ombe asingefunga naye.

*

Jumatatu asubuhi hakuja mtu kuchukua maziwa.

Kankindi alikaa mlangoni na vidumu sita vilivyojaa. Watoto waliokuwa wakitumwa kwake walipita njia ya juu, wakitazama miguu yao. Jua lilipopanda, Goretti, mama wa Pascaline, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja na kidumu mkononi. Kankindi aliinuka kumpokea, kisha akaona kuwa kidumu si kitupu.

"Ni ya jana," Goretti alisema. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta. "Sikuigusa. Baba Pascaline amesema niirudishe."

Kuna matusi mengi katika watu wa ng'ombe, lakini yote ni madogo mbele ya hili. Maziwa hayarudishwi. Hata mtu uliyegombana naye, akikupa maziwa unayapokea, ukayamwage kwako asikoona. Kurudisha maziwa ni kusema: wewe si mtu wetu.

Kankindi alipokea kidumu. "Umwambie Baba Pascaline nimepokea," alisema. "Na kidumu umekiosha vizuri. Aksanti."

Goretti aliondoka upesi, kanga mdomoni. Kankindi aliingia ndani, akayamimina maziwa yote kwenye kibuyu cha kusukia siagi, akakaa akakitikisa. Alikitikisa kwa hasira mpaka Uwitonze akaogopa.

"Mama, kibuyu kitapasuka."

"Kipasuke."

*

Jumatano wazee wa kanisa walikaa. Mchungaji Nehemiya alikuwa mtu mpole aliyechukia kesi, lakini kesi zilimpenda. Walimwita Eliezeri, kisha wakamwita na mkewe, jambo lisilo la kawaida, wakampa ubao wa kukalia karibu na mlango kama mgeni.

"Mama Uwitonze," mchungaji alianza, "bantu banasema mingi. Sisi tunataka kusikia kwako."

"Mutasikia. Ile kintu ni shayiri. Wanaichemsha, wanakamua maji, maji ndiyo yanakuwa pombe. Hata chachu wanatia baadaye, kwenye maji, si kwenye maganda. Mimi ninachukua maganda. Bwana Yesu alilisha watu elfu tano na nini? Mikate mitano ya shayiri. Mbona hamkumuuliza shayiri ilitoka wapi?"

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Lakini Gasore, aliyekuwa mmoja wa wajumbe kwa sababu ya ngoma, alisimama. "Hata Nuhu alianza na zabibu tu, Mama. Zabibu ni matunda muzuri. Tukamukuta wapi? Uchi, ndani ya hema! Na ile ng'ombe sisi sote tuliiona. Ilikaa kitako. Shayiri ya Yesu ilimukalisha nani kitako?"

Kankindi alimgeukia mumewe. Miaka kumi na tisa walikuwa wameoana. Alitaka neno moja tu, hata lisiwe la maana. Eliezeri alitazama mikono yake.

Uamuzi ulikuwa wa upole, na ndiyo maana uliuma. Shemasi atapumzika kuhudumu Meza ya Bwana mpaka jambo lieleweke. Mama Uwitonze ataacha machicha, au ataacha kuuza maziwa kwa watu wa kanisa. Kisha wakaomba.

Njiani kurudi, Kankindi alitembea mbele. "Ulikaa kimya," alisema.

"Ningesema nini? Ilikaa kitako, Mama Uwitonze. Mimi mwenyewe niliona."

"Nikiacha, Gaju atakufa kabla ya mvua. Ukitaka kuchagua kati ya ng'ombe na sinia, sema."

Usiku ule Eliezeri hakwenda kulala mapema; alimletea Gaju maji mara mbili, ingawa haikuwa zamu yake.

*

Alhamisi Kankindi alipanda pikapu ya Léopold tena. Hakwenda kuleta magunia. Alikwenda kuuliza.

"Mama Dresi!" Katungi alipaza sauti alipomwona getini. "Umerudi! Ng'ombe yako nasema je?"

"Ng'ombe yangu imelewa."

Askari alicheka mpaka akashika geti. Lakini mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya malori, mnene, mwenye buti za mpira na gomesi iliyopandishwa kiunoni, hakucheka. Alikuwa na ng'ombe wa kisasa kumi na wawili upande wa Ruharo, na maziwa yake, alisema, yalinywewa na wauguzi na masista bila mtu kuanguka.

"Wewe naweka wapi machicha?" alimuuliza.

"Kwenye magunia. Ninafunga mdomo vizuri, ninayapanga ndani, kivulini. Kama maharage."

"Siku ngapi?"

"Wiki. Wakati mwingine siku kumi."

Yule mama akapiga makofi mara moja. "Nyabo! Wewe ndiyo natengeneza pombe, hapana kiwanda! Hii kitu naye ni mbichi. Naweka na maji yake, nafunga mdomo, naweka siku kumi, halafu nasema ng'ombe amelewa. Hata wewe ukikula utakaa chini!"

Kankindi alisimama pale, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Kumbe ni hilo tu. Watu wa kwao milimani wanajua kuhifadhi maharage, mtama, siagi, hata maziwa ya kuganda. Yeye alikuwa amehifadhi machicha kwa bidii ile ile, asijue kutofautisha kavu na mbichi, na kwa usafi wake wote, kwa mikono yake mwenyewe, akapika pombe ndani ya nyumba ya shemasi.

"Tufanye je basi?"

"Kausha siku ile ile. Jua ya siku mbili. Geuza na reki. Ikikauka nakaa mwezi. Na usimpe peke yake. Changanya na maganda ya matoke au mabua. Tafuta tu turubai kubwa. Kubwa sana."

*

Turubai kubwa kule kijijini lilikuwa moja tu. Lilikuwa la kanisa, lile la mikutano ya hadhara, lenye jina la kanisa limeandikwa kwa rangi ya buluu. Kankindi alilifikiria njia nzima, na alipofika Rwekubo, pale kambini, alikuwa ameshalikatia tamaa.

Ijumaa alfajiri, kabla watu hawajaamka kwenda bombani, Mama Pasta alibisha. Alikuwa amejifunika kichwa mpaka macho, na chini ya kanga alikuwa na kidumu cha lita ishirini.

"Mama Uwitonze, Mungu akubariki. Unajua harusi ya Grâce wetu ni Jumamosi ijayo."

"Ninajua. Ninyi ndio mlionialika, kabla ng'ombe wangu hajakaa."

Mama Pasta alishusha kidumu chini. "Nimezunguka fasi zote. Maziwa hakuna. Watu wa bwana harusi wanakuja kutoka Juru, mzee Rutayisire yuko ndani yao. Tukiwapa maziwa ya unga..." Harusi ya watu wa ng'ombe iliyofungwa kwa maziwa ya unga ingesimuliwa mpaka wajukuu.

"Unataka maziwa ya pombe, basi."

"Mama Uwitonze..."

"Usinielewe vibaya. Nitakupa. Yote, na sitaki malipo. Ila mimi ninataka vitu viwili. Kwanza, lile turubai la kanisa, nikaushie machicha, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nimelijua." Akamweleza habari ya magunia, hakuacha kitu, hata ile sehemu ya kupika pombe. Mama Pasta alifunika mdomo, mabega yalimtikisika. "La pili. Hutakuja kwangu gizani. Maziwa yangu yalirudishwa mchana. Yaombwe mchana."

"Unanipandisha mulima, dada yangu."

"Mimi niko juu yake tangu Jumatatu. Hewa ni nzuri."

Mama Pasta aliondoka na kidumu kitupu, na Kankindi hakujua kama atarudi. Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya, Mama Pasta alisimama. Mumewe alimtazama kama mtu aonaye kuku akiingia kanisani.

"Maziwa ya harusi ya mtoto wangu yatatoka kwa Mama Uwitonze," alisema. "Nilimwomba, amekubali. Machicha yake atayakausha juu ya turubai letu, hayatachacha tena. Mwenye swali aje nyumbani kwangu aniulize mimi."

Hakuna aliyekuwa na swali. Mama Pasta ndiye aliyepika chakula cha wageni wote wa kanisa, na mtu mwenye akili hamuulizi swali mwenye chungu.

*

Wiki ile Kankindi alileta machicha mabichi, turubai likatandazwa nyuma ya nyumba ya shemasi. Machicha yaligeuka kutoka uji wa kahawia kuwa chembe za rangi ya asali, na harufu yake haikuwa tena ya kilabu. Ilikuwa ya mkate. Uwitonze aliyageuza kwa reki, akifukuza kuku wa Goretti. Siku ya pili Eliezeri alivua viatu, akachukua reki kutoka kwa binti yake bila kusema neno.

Jumamosi Gaju alitoa kuliko siku zote. Watu walijaa chini ya hema la matawi. Waimbaji waliimba, wasemaji wakasema, na ulipofika wakati wa maziwa, inkongoro, chombo cha mti cha kunywea maziwa, cheusi kwa moshi na mafuta ya miaka, iliwekwa kwanza mbele ya mzee Rutayisire, mjomba wa bwana harusi. Watu walisema mzee huyu alipokuwa Minembwe, kule milimani, angeweza kuonja maziwa akakuambia ng'ombe alilala upande gani wa mlima.

Alinusa. Akaonja. Akanusa tena.

"Huyu ng'ombe," alisema polepole, "anakula nini?"

Kankindi, aliyekuwa amesimama na wanawake wa kuhudumu, aliona kichwa cha Gasore kikiinuka nyuma ya ngoma, mdomo tayari umefunguka. Alijiandaa kujibu mwenyewe, kama kawaida.

Lakini Eliezeri alisimama. Alisimama wima wote, na alikuwa mrefu.

"Shayiri, mzee," alisema. "Shayiri iliyokwisha kukamuliwa kiwandani Mbarara. Mke wangu anaifagia, anaileta, tunaikausha. Wao wanaitupa. Yeye anawalisha nayo watoto wetu. Mara ya kwanza tulikosea kuihifadhi, ng'ombe akatuaibisha. Sasa tunajua."

"Ya bia?"

"Bia walibaki nayo wao."

Mzee aliizungusha inkongoro mikononi. "Wakati wa baba yangu," alisema, "ng'ombe walipewa machicha ya mtama wakati wa kiangazi. Nilidhani ninyi vijana mmesahau." Akanywa. Hakuonja, alinywa, mpaka kidevu kikapanda. Kisha akapitisha inkongoro kwa bwana harusi, na vigelegele vikapasuka upande wa wanawake, Goretti akiwa wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

Kankindi aliinama kutafuta kitu chini ya meza. Hakikuwepo. Alihitaji tu uso wake ukae chini kidogo.

Kesho yake Mchungaji Nehemiya alimkabidhi Eliezeri sinia bila hotuba, na ibada ikaendelea.

*

Jumatatu asubuhi vidumu vilipangwa mlangoni, na vyote sita vikachukuliwa kabla jua halijafika kwenye paa. Kankindi alikuwa anaosha kibuyu aliposikia mtu akikohoa. Gasore alisimama karibu na turubai, akisoma jina la kanisa lililojitokeza pembeni mwa machicha, kama mtu aliyekuja kukagua maandishi. Mkononi alikuwa na jagi.

"Mama Uwitonze, habari ya asubui."

"Muzuri. Umekuja kuhesabu chupa?"

"Haiko hivyo." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Gasore alinong'ona. "Haiko ya mimi. Ni ya batoto."

Kankindi alipokea jagi, akalitazama ndani kama ni safi, akalisuuza hata hivyo. Akamimina mpaka kwenye ukingo, na juu yake akaongeza kidogo, kama inavyotakiwa. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua," alisema. "Ila ukiionja njiani, usipite mbele ya kanisa. Bantu bataona unayumba."